Mjamzito na tovuti ya afya, kwa swali moja hasa: niende hospitali sasa au nisubiri?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama mjamzito anaweza kutegemea tovuti za afya za serikali. Mimi nasema ndiyo, tena kuliko makundi ya kwenye simu, ila ajue anafuata nini kule.

Chukulia suala la mtoto kucheza tumboni. Mama akiandika kwenye kundi kwamba tangu asubuhi mtoto katulia, majibu yanamiminika: kunywa kitu cha baridi, anapumzika huyo, mimba ikikomaa nafasi inakuwa finyu. Ukurasa wa NHS, huduma ya afya ya Uingereza, haubembelezi. Hakuna idadi maalumu ya mateke, unasema. Kila mtoto ana mtindo wake, na akipunguza au mtindo ukibadilika, mpigie mkunga au hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Si kweli kwamba mtoto hupunguza kucheza siku zikikaribia. Unakataza hata kujipimia nyumbani mapigo ya moyo ya mtoto kwa kile kifaa cha mkononi, kwa sababu mtu anaweza kusikia mdundo akatulia, kumbe mtoto ana shida.

Kitu cha pili ni tarehe. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliacha mpango wa mahudhurio manne ya kliniki na kupendekeza yasiyopungua manane. Ukikuta ukurasa bado unahubiri manne, jua ukurasa huo umesahauliwa. NHS huandika chini lini ukurasa ulipitiwa na lini utapitiwa tena, wengine wangeiga.

Dozi ni habari nyingine. Foliki asidi, vitamini ya wajawazito, maikrogramu 400 kwa siku ni kwa walio wengi, lakini mwenye kisukari au anayetumia dawa za kifafa huenda akahitaji kubwa zaidi, na hiyo huandikwa na daktari. Ukurasa haujui historia yako.

Kinachoniudhi ni serikali kupakia mwongozo ulioandikiwa watumishi wa afya, faili zito lisilofunguka kwenye simu ndogo, kisha kusema wananchi wameelimishwa. Unaanza na dibaji ya waziri (na picha yake, bila shaka), halafu vifupisho, halafu shukrani. Kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, maji kuvuja: hayo yamezikwa huko katikati, wakati ndiyo mama anayoyatafuta saa nane za usiku.

Afrika Kusini walifanya vingine. Tangu 2014, mpango wao wa MomConnect humtumia mjamzito ujumbe kwenye simu kulingana na umri wa mimba, na yeye anaweza kuuliza swali. Wizara ambayo bado haina uwezo huo ianze na ukurasa mmoja mwepesi wenye dalili hizo tu, na namba ya simu inayopokewa usiku.

Msomaji wenu