Ngozi ya viganja inayokauka na kubanduka

Umeuliza kwa nini viganja vyako hubanduka ingawa unapaka mafuta kila siku. Mara nyingi chanzo ni maji na sabuni kali, kwa kuwa kila unapofua au kuosha vyombo bila glavu, sabuni huondoa mafuta ya asili yanayohifadhi unyevu wa ngozi, nayo hubaki imekakamaa na kupasuka kwenye mikunjo ya vidole. Nawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kisha paka vaselini papo hapo, mikono ikiwa bado na unyevunyevu, kwani mafuta yanayopakwa juu ya ngozi iliyokwisha kukauka hayana unyevu wa kuhifadhi; usiku paka kwa wingi na uvae glavu za pamba. Tafadhali usiyavute magamba, maana utajitia kidonda. Iwapo kiganja kimoja tu ndicho kinachobanduka, hasa kama una fangasi miguuni, huenda ni maambukizi ya fangasi, ambayo krimu ya steroidi (dawa ya kupaka ya kutuliza mwasho na uvimbe) huficha tu dalili zake huku yakienea. Vilengelenge vidogo vinavyowasha pembeni mwa vidole huashiria zaidi pumu ya ngozi (ekzema). Ukiona usaha, au hali isipobadilika baada ya wiki 2, muone daktari.