Tairi na rimu za gari la umeme: mambo ya kujua kabla hujabadilisha

Ukinunua gari la umeme lililotumika, hasa hizi Nissan Leaf zinazoshuka bandarini Mombasa kutoka Japani, swali la kwanza utakaloulizwa na kila mtu ni hali ya betri. Ni swali la haki. Ila kuna kitu kingine kinachoamua utafika wapi kwa chaji moja, na watu wengi hawakikumbuki mpaka siku kashata, yale matuta ya mpira yanayokanyaga lami, zimekwisha: tairi, na rimu zilizozibeba. Betri iliyochoka huna mengi ya kuifanyia. Tairi unazichagua mwenyewe, na nimeona watu wengi wakizichagua kwa macho tu.

Kwa anayedhani ni jambo dogo, aangalie Hyundai Ioniq 6. Toleo la mwaka 2023 lenye betri ya kilowati-saa 77.4 na mota moja ya nyuma lilipimwa na EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani. Likivaa rimu za inchi 18 lilipewa maili 361, kama kilomita 581. Likivaa rimu za inchi 20 lilipewa maili 305, kama kilomita 491. Betri ni ile ile, mota ni ile ile, na kilomita 90 zimepotea. Vifaa vya ziada vya toleo la bei ya juu vinachangia kidogo, lakini sehemu kubwa ya hasara hiyo iko kwenye magurudumu.

Sababu yake ni hii. Sehemu ya tairi inayogusa lami hubonyea kwa uzito wa gari, kisha hunyooka gurudumu linapozunguka, mara nyingi kwa kila sekunde. Mpira haurudishi nguvu yote uliyoitumia kuubonyeza. Kiasi fulani hugeuka joto. Gusa tairi ukitoka safari ndefu utalisikia lile joto. Limetoka kwenye betri yako. Gari la petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake ndani ya injini, kwa hiyo tofauti ya tairi hufichika humo. Gari la umeme halina pa kuificha, kwa kuwa nguvu nyingi ya betri hufika kwenye magurudumu, na kinacholiwa na tairi kinaonekana kwenye dashibodi siku hiyo hiyo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukinzani wa tairi, yaani nguvu inayolivuta gari nyuma tairi linapoviringika, hupimwa kwa kilo kwa kila tani ya uzito. Tairi nzuri sana huvuta nyuma kwa nguvu ya kilo 6.5 kwa kila tani, tairi hafifu hufika kilo 10.5 na kupita. Chukua Leaf yenye abiria, jumla kilo 1,700. Tofauti kati ya tairi hizo mbili ni karibu kilowati-saa 2 kwa kila kilomita 100. Tuseme betri yako imebakiza kilowati-saa 25 za kutumia. Gari likila 14 kwa kilomita 100, utakwenda kama kilomita 178. Likila 16, utaishia 156. Mtu anayekaa Kitengela na kufanya kazi Westlands anajua kilomita 22 zina maana gani jioni, foleni imesimama na mvua inanyesha.

Wengine watakwambia adui mkubwa ni hewa unayoipasua, si tairi. Wanasema kweli kwa mwendo wa kasi. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, yaani ukitoka kilomita 50 kwa saa kwenda 100, hewa inakurudisha nyuma mara nne zaidi. Ukinzani wa tairi haubadiliki sana. Kwa gari la umbo la Leaf nguvu hizo mbili hulingana kwenye kilomita 70 na kitu kwa saa. Chini ya hapo tairi hula zaidi kuliko hewa. Sasa jiulize gari lako linatumia saa ngapi kwa siku juu ya mwendo huo. Jijini ni nadra. Na Nairobi ina jambo lake la pekee: mji uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja ya sita. Hewa inakuzuia kidogo zaidi, lakini tairi halipati nafuu yoyote kwa sababu ya mwinuko. Kwa hiyo mkazi wa bara ana sababu kubwa zaidi ya kuchagua tairi kwa makini kuliko mwenzake wa pwani.

Kwenye kuchagua ndiko wageni wengi hupotelea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Japani wana mfumo wa alama za tairi tangu mwaka 2010. Ukinzani unaanzia AAA, iliyo bora, kisha AA, A, B hadi C. Ulaya nao wanatumia herufi A hadi E, na mfumo wao mpya ulianza Mei 2021. Vipimo vya madaraja haya vinalingana: AAA ya Wajapani na A ya Ulaya zote ni kilo 6.5 kwa tani au chini yake. Herufi hizo hazichongwi ubavuni mwa tairi. Ziko kwenye kibandiko au karatasi inayokuja na tairi jipya, na kibandiko cha Ulaya kina msimbo wa QR wa kusoma kwa simu. Tairi likiwa limeshatolewa kibandiko, chukua jina lake kamili na saizi, utafute daraja lake kabla hujalipa. Muuza tairi akikujibu kwamba zote ni sawa bora saizi iingie, nenda duka la pili.

Kwenye kibandiko hicho hicho kuna herufi ya pili inayoonyesha tairi linavyoshika barabara yenye maji. Tafadhali usiidharau. Kuna tairi zinazoviringika kirahisi kwenye lami kavu lakini zinateleza kwenye lami iliyolowa, na hizo zitakupa kilomita lakini zitachelewa kusimama mvua ya masika ikishuka. Mimi nikipewa tairi la daraja la pili la ukinzani lenye mshiko mzuri wa maji, na lingine la daraja la kwanza lenye mshiko hafifu, nachukua lile lenye mshiko mzuri bila kusita. Kiwandani wanaweza kupata vyote viwili kwa kuchanganya silika, unga wa madini ya jamii ya mchanga, kwenye mpira, jambo ambalo Michelin waliliingiza sokoni kwenye tairi zao mwaka 1992, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba lazima uache kimoja.

Halafu kuna tairi za mtumba. Sizikatazi, najua bei za mpya. Lakini angalia mambo mawili. La kwanza ni tarehe: tarakimu nne za mwisho wa msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. La pili ni kubwa zaidi, na wengi hawalijui. Baadhi ya tairi zinazotoka Japani ni za baridi, zilizotengenezwa kwa ajili ya barafu. Utaziona zimeandikwa STUDLESS, au zina majina kama Blizzak na iceGuard, au zina alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Mpira wake ni laini, kashata zake zimechanjwa vijistari vingi vyembamba. Kwenye lami ya Voi saa nane mchana mpira huo unakunjika kupita kiasi, unaisha haraka na unakula betri. Hata gari lenyewe huweza kuja limevaa hizo kama limetoka mikoa ya kaskazini ya Japani. Ukilipokea tu, inama usome ubavu.

Tairi zenye kashata kubwa za njia mbovu nazo zina gharama hiyo hiyo. Kama njia ya nyumbani kwako ni tope la kweli, vaa. Kama ni kwa sura tu, utalipa kila unapochaji.

Tuje kwenye rimu. Leaf nyingi hutoka kiwandani na tairi 205/55R16, yaani upana wa milimita 205, ubavu wa asilimia 55 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Kijana akitaka gari lipendeze huambiwa avae 225/45R17, kwa kuwa kipenyo cha nje kinabaki karibu sawa, milimita 634 badala ya 632, na spidomita haidanganyi. Ni kweli haidanganyi. Lakini tairi limepanuka kwa milimita 20, na linapasua hewa zaidi. Rimu za spoti zenye matundu makubwa huivuruga hewa ubavuni mwa gari. Ndiyo maana magari mengi ya umeme yana rimu zilizozibwa au wili kapu bapa ambazo wengi huzing'oa siku ya kwanza. Ziache. Na tairi pana za sura ya michezo mara nyingi hutengenezwa kwa mpira unaong'ang'ania barabara, na ukinzani wake ni wa madaraja ya chini. Zaidi ya hayo, ubavu wa tairi umepungua kutoka milimita 113 hadi 101, na mashimo ya barabara zetu unayajua.

Ila usiondoke hapa ukiamini kwamba rimu kubwa ni mbaya kwa sababu ni kubwa. BMW i3, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013, ilivaa rimu za inchi 19 na tairi 155/70R19: refu kama la baiskeli ya mizigo, jembamba kuliko la magari mengi madogo. Gurudumu refu huviringika kirahisi zaidi kwa sababu tairi halikunjwi kwa pembe kali, na wembamba hupunguza hewa inayopasuliwa. Kinachokugharimu ni upana, aina ya mpira, na uwazi wa rimu. Inchi za rimu zinalaumiwa kwa sababu ndizo zinazosomeka kirahisi.

Usishushe namba ya uzito pia. Ukiona 205/55R16 91V, hiyo 91 maana yake kila tairi linaruhusiwa kubeba kilo 615. Magari ya umeme ni mazito kwa sababu ya betri. Weka 91 au zaidi, kamwe isiwe chini.

Upepo wa tairi ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote. Kipimo kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na gari la Japani huandika kwa kilopaskali: 250 ni sawa na psi 36. Tairi likishuka psi 8 chini ya hapo, ukinzani wake hupanda kwa kama sehemu moja ya kumi. Pima asubuhi gari likiwa halijatembea. Ukipima mchana baada ya safari utakuta upepo umepanda kwa joto, fundi ataupunguza, na kesho asubuhi utakuwa unatembea na tairi legevu. Nunua geji yako, maana geji za vituoni nyingi hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe. Alaimenti nayo ipimwe kila ukibadilisha tairi; magurudumu yasiyotazama upande mmoja yanaburutwa.

Jambo moja huwatisha wageni: unavaa tairi mpya za daraja zuri, na siku ya kwanza gari linaonyesha kilomita chache kuliko jana. Usizirudishe dukani. Tairi jipya lina kashata ndefu zinazotikisika, na hizo zina ukinzani zaidi kuliko za tairi lililolika. Hali hupoa kadiri linavyotembea. Tena tairi jipya lina kipenyo kikubwa kidogo. Kashata zikitoka milimita 8 hadi 2, kipenyo kinapungua milimita 12, karibu asilimia 2, kwa hiyo ukivaa mpya odomita inahesabu kilomita pungufu kuliko ulizotembea kweli. Ukitaka kulinganisha kwa haki, pima umbali kwa ramani ya simu, njia ile ile, mwendo ule ule, na usome kilowati-saa zilizotumika kwa programu ya simu kama LeafSpy. Kilomita za kukisia zinazoonyeshwa kwenye dashibodi zinafuata ulivyoendesha juzi na jana, na hazifai kwa kazi hii.

Mwisho ni tairi la akiba. Leaf haina, inakuja na chupa ya gundi na pampu ndogo. Wengine wanaogopa kubeba la akiba wakidhani uzito utamaliza chaji. Gurudumu la kilo 15 au 20 kwenye gari la kilo 1,700 linaongeza uzito kwa kama asilimia moja tu. Libebe, lenye mpangilio wa 5x114.3 kama yako, yaani mashimo matano kwenye duara la milimita 114.3. Na ukipata pancha kando ya barabara, mwonyeshe fundi mahali pa kuweka jeki kabla hajaingia chini: kuna sehemu zilizokazwa pembeni, nyuma ya gurudumu la mbele na mbele ya lile la nyuma. Katikati yote ni sanduku la betri, na jeki isiliguse.