Kuhamia mjini Unguja kutoka Pemba: kagua nini kabla ya kulipa kodi

Ndugu wa Wete umeuliza chumba na ukumbi mjini Unguja kodi yake kiasi gani. Hilo liweke nyuma kidogo, anza na maji.

Mitaa mingi ya Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, maji ya bomba huja kwa zamu, mara nyingi usiku. Muulize mwenye nyumba tangi ni la lita ngapi na wanaolitumia ni wangapi. Tangi la lita 1,000 ni madumu 50 tu ya lita 20. Watu watano wakitumia madumu mawili mawili kwa siku, siku ya tano limekauka. Wakiwa familia mbili, halifiki siku tatu. Tena tazama limewekwa wapi. Likiwa chini na maji yanapandishwa kwa mota, umeme ukikatika na maji yamekatika. La juu ya mnara lina nafuu. Ukikuta mota imefungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, jua maji ni haba na kila jirani anamvutia mwenzake. Nyumba yenye kisima, nawa mikono kwa sabuni hapo hapo: povu likikataa, hayo ni magumu au ya chumvi, na ya kunywa huenda ukanunua.

Umeme, taka mita yako ya Tukuza, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia. Mita moja kwa wapangaji watatu, mwenye friji na mwenye taa mbili hawataelewana.

Mwenye nyumba mara nyingi hutaka miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali naye hutaka kodi ya mwezi mmoja. Kwa hivyo, kabla ya kutoa pesa zote hizo, usikague nyumba wakati wa jua kali ukaridhika. Sehemu za bondeni, kama baadhi ya Mwanakwerekwe, hujaa maji wakati wa masika. Tafuta mstari wa maji ukutani, na muulize jirani, si dalali.

Mji Mkongwe unapendeza, lakini kuta zake ni za mawe na chokaa, zinavuta unyevu. Zikipigwa plasta ya saruji unyevu hukosa pa kutokea, rangi ikabambuka na godoro lililogusa ukuta likaota koga. Na vichochoro vyake vingi havipitishi gari, bajeti ya hamali wa rikwama (mkokoteni) uiweke kando.

Mtaa uchague kwa kazi yako. Ukifanya kazi Tunguu, nje ya mji, Mwanakwerekwe na Jumbi ziko njiani. Ukikaa Bububu utapanda daladala ya 502 hadi mjini, halafu gari nyengine, na jioni utagombania kiti mara mbili.

Wete usiondoke bila ya barua ya sheha wako, kiongozi wa serikali wa mtaa. Ipeleke kwa sheha wa unakohamia wiki ya kwanza, pamoja na kitambulisho cha Mzanzibari na mkataba wa nyumba. Mtoto akitaka skuli au benki ikitaka barua ya utambulisho, anayeandika ni sheha huyo, na haandikii mtu asiyemjua.