Miaka miwili getini, bado ni kibarua

SWALI: Shangazi, nashona kola katika kiwanda cha nguo Athi River. Mwaka wa pili huu, kila alfajiri tunasimama getini tuchaguliwe. Jirani yangu wa cherehani ameandikwa, ana likizo na NSSF. Mimi nalipwa kwa siku. Nitabaki hivi?

JIBU: Hapana, mwanangu, na barua yako imeniuma. Kinachowatenganisha si ufundi. Kola zenu zinaingia katoni moja. Lakini aliyeandikwa ndiye hufundishwa mashine mpya na kupandishwa cheo. Wewe huanza upya kila kukicha, hata uwe hodari vipi.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, ahesabiwe mfanyakazi wa mwezi. Akifikisha miezi miwili, anastahili haki kana kwamba hakuanza kama kibarua. Waajiri wengine hukupumzisha siku chache makusudi, kuukata mfululizo huo. Kwa hivyo andika tarehe zako daftarini, usifute ujumbe wowote wa malipo ya M-Pesa, kisha mwone afisa wa leba. Nenda na wenzako wa getini. Mmoja peke yake huachwa nje kesho yake.