Filamu Isiyoonyesha Kitu

SWALI: Nilisikia The Zone of Interest imepata Oscar, nikaitafuta na kuitazama kwenye simu huku nikipiga pasi. Naona familia tu: watoto wanaogelea, mama anashughulika na maua, baba anaenda kazini. Niliizima kabla haijafika nusu. Ni mimi sielewi, au wakosoaji wanatuzuga?

JIBU: Ndugu yangu, wakosoaji wanatuzuga mara nyingi tu, ila safari hii nawatetea. Tuzo moja kati ya mbili za Oscar ilizopata mwaka 2024 ni ya sauti, na iliipata mbele ya Oppenheimer yenye mlipuko wake wa bomu la atomiki. Sasa wewe umeisikiliza kwa kispika cha simu, tena juu ya pasi!

Yule baba ni Rudolf Höss, mkuu wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na ukuta wa bustani ndio ukuta wa kambi. Mwongozaji, Jonathan Glazer, hatuonyeshi mauaji hata mara moja. Tunayasikia: risasi, mbwa, walinzi wanaofoka, mayowe ya mbali, na ngurumo ya tanuri chini ya kila kitu. Niliitazama usiku, hedifoni masikioni. Mayowe yalinishtua, ndiyo, lakini kilichonitisha zaidi kilikuja baadaye, Hedwig, mke wa Höss, alipokuwa akimtembeza mama yake bustanini. Nikajikuta nimeyasifia maua, na ile ngurumo siisikii tena. Mama huyo mgeni ndiye anayeshindwa kulala. Anaondoka bila kuaga, anaacha barua. Bintiye anaisoma na kuitia motoni. Hatuambiwi imeandikwa nini, na sidhani kama kuna haja.

Wiki hiyohiyo nikatazama Anatomy of a Fall ya Justine Triet, kwa sababu tu ya Sandra Hüller, anayecheza kama Hedwig kule na kama mwandishi anayeshtakiwa kumuua mumewe huku. Filamu zote mbili zilikuwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2023. Hii ikachukua Palme d'Or, tuzo kuu, na ile Grand Prix, tuzo ya pili. Mahakamani inachezwa rekodi ya ugomvi wa wanandoa hao. Mwanzoni tunawaona jikoni wakirushiana maneno, mazito kweli. Wanapofikia kupigana, picha inarudi mahakamani na sisi tunabaki na kishindo, vitu vikivunjika. Nani kampiga nani? Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, sikuambulia kitu. Majaji nao hawana zaidi ya hicho.

Huyu Hüller, nakwambia, uso wake hauombi huruma ya mtu.

Kuna sehemu sitakulaumu ukiichoka: kule kwa Glazer, msichana anawafichia wafungwa matufaha usiku, amepigwa picha kwa kamera inayonasa joto la mwili, anang'aa kama mzimu. Najua kusudi lake, lakini kila ilipotokea ilinitoa kwenye filamu.

Basi tafuta hedifoni, pasi iache, na ufike angalau pale mama yake Hedwig anapokuja. Bado inakuchosha? Izime bila aibu, uende kwa Triet. Kule kuna kesi, kuna mawakili wenye ndimi kali, na mbwa anayeigiza kuliko wasanii wengi ninaowajua. Hiyo itakushika hata kwenye simu.