Kabla hujajitolea mambo ya usalama wa boti, jua kwanza kuhesabu watoto wa kupakatwa

Watu wakisikia najitolea kwa usalama wa boti wanadhani mi ndio wale wa kujitupa majini kuokoa watu, na wallahi mwaka wa kwanza hata kuogelea sikuwa najua vizuri. Kazi yangu nyingi iko nchi kavu, dikoni pale boti zinapotia nanga, daftari mkononi na viatu vimejaa mchanga. Naandika haya manake kuna wasichana wawili watatu wameniuliza waanzie wapi.

Mi nilianza kwa sababu ya mabuibui. Idd moja tulienda na mashangazi na watoto kupanda boti huku Mombasa upande wa Tudor, na yule kijana wa boti akagawa majaketi ya kuelea vizuri tu, wanaume akawafunga, watoto akawafunga, akifika kwa kina mama anawapa mkononi anapita, si adabu amshike mke wa mtu kiunoni ati anamkazia mikanda. Basi kina mama wote wamelitupia begani kama mtandio, wengine wamelikalia ili wasichafue buibui jipya la Idd. Na buibui likiloa si nguo tena lile, ni nanga. Nikainuka nikaanza kuwafunga mmoja mmoja, na shangazi yangu mkubwa akaniambia, "Kumbe hili lina vifungo mwanangu, mi miaka yote navaa hivi hivi." Jumamosi iliofuata nikarudi pale peke yangu.

Kwa hivyo kama wewe ni mwanamke na unajiuliza utafanya nini kwenye kazi ya wanaume, hio ndio kazi yako na hakuna mwanamume atakunyang'anya. Namna ya kujua kama limekaa ni rahisi, simama nyuma yake, shika jaketi mabegani uvute juu, likipanda mpaka masikioni bado halijafungwa. La mtoto mdogo lazima liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, bila huo mtoto anateleza chini na jaketi linabaki likielea peke yake.

Sasa kosa langu la kwanza. Nilifika na maneno mengi. Nilisimama mbele ya mzee mmoja ambaye yuko baharini tangu kabla sijazaliwa nikaanza kumueleza hatari ya upepo, akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima kisha akaniuliza, "Na huu wa leo waitwaje, mwanangu?" Nikasema ni upepo tu ami. Walicheka mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Ulikuwa ni kusi, ndio wenye bahari nzito, unaanza kama Aprili mpaka Septemba hivi, na kaskazi ndio ule wa Disemba mpaka Machi. Kwa hivyo usiende na bango wala fulana mlizochapisha. Nenda umuulize mwenyekiti wa BMU ya pale, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, salimia, kaa, nunua kahawa, wiki mbili tatu usiseme kitu.

Ukikaa hivyo utajifunza maji, na hapa nataka msome polepole. Idd ndogo huja mwezi ukiandama, na mwezi ukiandama ndio bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku za bamvua hapa kwetu maji hukupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Sasa angalia vile mambo yanavyokutana: alasiri maji yamejaa, yametulia, yanapendeza, watu wamemaliza kula wamefurika dikoni, kisha kuelekea magharibi ndio kila mtu anataka raundi ya mwisho, na saa hio maji yanatoka kwa nguvu kuelekea bahari kuu na giza linaingia. Injini ikizima hapo mnakwenda nayo. Idd kubwa haina shida hio sana manake huja siku ya kumi ya mwezi, na maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, hayako mbali. Mi sasa Idd ndogo nafika saa tisa na siondoki mpaka boti ya mwisho imerudi.

Daftari lenyewe ni kitu kidogo tu, jina la boti, saa ya kutoka, nahodha, watu wangapi. Siku moja niliandika 12, na cheti cha boti cha mamlaka ya bahari kinaruhusu 12, nikafurahi. Waliporudi nikahesabu wanaoshuka, 12, 13, 14... wakaishia 16. Wanne walikuwa watoto wa kupakatwa, sikuwahesabu, na nahodha pia hakuwahesabu kwa sababu hawalipi nauli. Na majaketi yalikuwa 12. Usiku ule sikulala vizuri. Mamangu ni mtu wa Mtongwe, feri ya huko ilipozama Aprili 29, 1994 wakafa watu 272 alikuwa ng'ambo akisubiri, na feri ile ilikuwa imebeba kuliko ilivyoruhusiwa. Sasa nahesabu vichwa, hata kilicho ndani ya mtandio.

Majaketi usiyaamini kwa rangi. Yako yanayokaa ndani ya nailoni yakingoja siku ya ukaguzi, hayavaliwi yasije yakachafuka, na yale ya kila siku yamekaliwa mpaka sponji limelala bapa. Bonyeza, likibaki na shimo bila kurudi juu, hilo mpe mtu atie mito.

Na mtu akianguka, usiruke! Anayezama atakupanda wewe. Mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko vizuri unambeba mtu, fungia kamba mrushie, sisi tuna mitatu imening'inia pale kwenye mwarobaini na vijana washakatazwa kuichukua kutekea maji. Msaada wa kwanza jifunze kwa wanaojua, Msalaba Mwekundu wanafundisha, hizi za kumning'iniza mtu miguu juu ati maji yamtoke tuache.

Kilichonishinda mpaka leo ni ile kamba ya kuzimia injini, ambayo nahodha huifunga mkononi ili akianguka injini izime isije ikawakata watu kwa panga lake au ikaenda na abiria peke yao. Dikoni kwetu karibu wote wameikaza pale pale kwenye injini na kipande cha mpira wa baiskeli. Ukiuliza unaambiwa inasumbua mkono. Nimejaribu kwa upole, nimejaribu kwa mzee, nimejaribu kupitia wake zao. Aliyefaulu kwa hili, iwe Mtwapa au Shimoni au wapi, aniambie alifanyaje.