Kipimo cha damu cha ugonjwa wa kusahau: yaliyotukuta na mzee wetu, Tanga

Mkuu, umeuliza kama kipo kipimo cha damu cha kujua kama mama yako wa Korogwe, miaka 68, ana Alzheimer, maana anauliza swali lilelile mara tano na shemeji yako kasikia kipo. Kipo. Ila kabla hujauza ng'ombe nisikilize, sisi tumepita huko.

Mzee wetu alikuwa mcheza bao wa kuogopwa pale Ngamiani. Siku moja akashika kete mkononi, akauliza nyumba yake ni ipi. Wenzake wakacheka, wakadhani anawazuga. Haikupita miezi mingi akawa anatoka alfajiri kwenda kwenye shamba la mkonge alikostaafu zamani.

Kaka akampeleka maabara fulani ya binafsi, jina naliacha. Pesa ikatoka ya kutosha, majibu yakaja: ana nakala moja ya jeni ya APOE e4. Nyumbani ikawa kama msiba. Kumbe ile ni bayomaka, yaani alama ya mwilini inayopimika, ya hatari tu, siyo hukumu. Wapo wenye e4 wanaozeeka na akili zao, wapo wagonjwa wasio nayo. Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, ndiyo tofauti: jeni yake iligunduliwa 1993, na kipande chake kinachojirudia, kiitwacho CAG, kikifika marudio 40 au zaidi, mtu akijaliwa umri, ugonjwa utamfika. Vyote viwili vipimo vya jeni, lakini kimoja kinakuonyesha wingu, kingine mvua yenyewe.

Daktari wa mishipa ya fahamu tuliyemwona baadaye Dar ndiye aliyetufungua macho. Alisema kila bayomaka ina swali lake. Kwenye Alzheimer kuna protini mbili zinazoharibu ubongo, amiloidi na tau. Wakichukua maji ya uti wa mgongo, tau inakuwa imepanda ila amiloidi 42, aina mojawapo ya amiloidi, imeshuka. Mimi nikamuuliza, ishuke vipi na ndiyo imejaa? Akasema inanasia ubongoni, kinachoteremka kwenye maji ni kidogo. Mama yetu akadakia, "Kama machicha kwenye kifumbu." Ndivyo hasa.

Hicho cha damu alichosikia shemeji yako nadhani ni cha p-tau217, aina mojawapo ya ile tau. Mei 2025 Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza kipimo cha damu kinacholinganisha p-tau217 na amiloidi 42, kwa watu wa miaka 55 na kuendelea ambao tayari wana dalili. Siyo cha kumpima mtu mzima wa afya ili ajue kesho yake. Tena figo zikichoka p-tau nayo hupanda, kwa hiyo majibu asomewe na daktari anayemjua, siyo na mtu wa mapokezi kama ilivyokuwa kwetu.

Utasikia pia nyurofilamenti, protini ya ndani ya neva. Hiyo ni moshi: nyuzi za neva zinavunjika, lakini haikwambii nyumba gani inaungua, iwe Alzheimer, ugonjwa wa neva za misuli au kiharusi cha juzi. Inafaa zaidi kufuatilia kasi ya ugonjwa. Parkinson ina protini yake nyingine, alfa-sinukleini, sitaingia huko.

Sasa kilichomsaidia mzee, na hapa ndipo ninapokasirika: vipimo vya bei ya kawaida ambavyo hakuna aliyevifikiria mwanzo. Alikuwa ametumia metformini ya sukari miaka mingi, na dawa hiyo inaweza kushusha vitamini B12. Yake ilikuwa chini mno. Akachomwa sindano, ganzi ya miguu ikapungua, na akaacha kutuita kwa majina ya wadogo zake waliokwisha kufa. Siyo kwamba alipona. MRI, ile picha ya ubongo, ilionyesha sehemu ya kumbukumbu imesinyaa, na kuna vidonda vidogo vya presha, kwa hiyo ana zaidi ya jambo moja. Siku hizi anakaa kijiweni hachezi, lakini ukizidisha kete moja anakushika mkono.

Kwa mama anza na B12, tezi ya shingo, sukari, figo, kaswende na VVU. Kama aliwahi kuanguka, hata kidogo, mwambie daktari, kwani damu inaweza kuvilia kichwani taratibu na hiyo inatibika. Halafu niandikie hapa: anatumia dawa gani, na usiku analala?